Tumerekodi nyimbo nne, gita moja na sauti mbili, na zimetoka kama zimekufa. Shida ni sisi ama ni studio?

nyuzi_sita

Sasa wakubwa. Ni mimi na dadangu mdogo, mi nacheza gita la kawaida la nyuzi za chuma na kuimba sauti ya pili, yeye ndo sauti ya kwanza. Tumekuwa tukiimba kwa nyumba, kwa harusi za watu tunajuana nao, na mara moja moja kwa zile jioni ambazo mtu yeyote anapanda jukwaani kujaribu. Watu wakituskia sebuleni wananyamaza, mpaka shangazi yetu ambaye haskizi kitu isipokuwa gospo alituambia turudie. Kwa hivyo tukachanga pesa tukaingia studio fulani hapa mjini (jina siwezi taja, sina ugomvi na mtu) turekodi nyimbo nne za kuanzia.

Vile ilienda, prodyuza aliniambia nicheze gita peke yangu kwanza, kliki (ule mdundo wa kupima mwendo) ikipiga kwa hedifoni, mwanzo hadi mwisho bila kuimba. Nikimaliza zote nne dadangu akaingia kwa kale kachumba akaimba juu ya gita, mi nimekaa nje ya kioo. Halafu nikaingia mi nikaimba ya pili. Halafu akanyoosha sauti na ile programu yao na akaongeza ngoma za kompyuta kwa nyimbo mbili "ili ziende na wakati".

Sasa faili zimekuja na ni safi, hakuna kelele, hakuna noti imeenda kombo. Na hazinipendezi hata kidogo. Dadangu aliskiza moja akafunga laptopu. Mamangu, na yeye hajui mambo ya studio, ameuliza "kwani siku hiyo mlikuwa mmekosana?"

Nimeweka kipande cha kila moja hapo chini, na pia moja tulirekodi na simu sebuleni ndo mlinganishe. Swali ni tuzitoe tu hivyo ama turudie, na tukirudia tutafanya aje na pesa imeisha? Tunaishi Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu, chini kuna steji ya matatu na upande wa pili kuna kanisa.

fundi_mitambo

Nimeskiza zote, ile ya simu nimeirudia. Ni vile mlirekodiwa.

Mkicheza pamoja wewe huwa unamngoja. Skiza ya simu pale anavuta neno la mwisho kabla ya kiitikio, gita linachelewa kidogo, linamwacha avute pumzi, halafu mnaingia pamoja. Kwa ya studio hakuna wa kungojwa. Kliki haingoji mtu. Gita lilikuwa limeshapita zamani wakati yeye hata hajavaa hedifoni, kwa hivyo akawa anafuata mtu ambaye hayuko, na wewe ulipoingia na sauti ya pili ukawa unaimbia mtu ambaye ameshamaliza. Mama yenu ameskia hiyo kitu bila kufundishwa na mtu.

Sisemi prodyuza ni mbaya. Hiyo ndo njia ya kawaida, kila kitu na treki yake (rekodi yake peke yake), juu mtu akikosea anarudia kipande chake pekee na kila kitu kinaweza kunyooshwa baadaye. Ukiwa na biti ya kompyuta ama bendi ya watu sita iko sawa kabisa. Lakini watu wawili na gita moja, ukiwatenganisha unabaki na nini?

Rudieni mkiwa chumba kimoja, wakati mmoja, mmeangaliana, bila kliki na kama inawezekana bila hedifoni. Lakini mjue bei yake: gita litaingia kwa maiki ya sauti na sauti itaingia kwa maiki ya gita, na hapo kunyoosha noti msahau, juu ukivuta sauti unavuta na gita iliyo nyuma yake. Mmoja akikosea mnarudia wimbo mzima. Kwa hivyo mazoezi yaishe kabla ya kubonyeza rekodi, si siku hiyo hiyo.

Mkipata kuchagua maiki, tafuteni ile inaskia mbele na nyuma na ni kiziwi ubavuni, kwa mchoro inaonekana kama namba nane. Ubavu wake ukiuelekeza kwa gita, mdomo unabaki mbele yake, gita linapungua sana kwa treki ya sauti bila nyinyi kuhamia vyumba tofauti. Ama mnaweka moja tu katikati, mmoja anaimbia mbele mwingine nyuma, na mnapima sauti kwa miguu yenu, anayetaka kuskika zaidi anasogea.

Na hiyo gita yenyewe naskia maiki ilielekezwa kwa tundu. Hapo ndo hewa ya ndani ya sanduku inavuma, karibu hezi 100, ndo maana ukigusa nyuzi nene kuna mvumo unafunika maneno ya dadako. Elekeza pale shingo inakutana na sanduku, karibu fureti ya 12 (vile vyuma vya kukata shingo), umbali wa sentimita 20 hadi 30. Haina gharama yoyote hiyo.

ngoma_kwanza

Na mi napinga. Bila ngoma nani ataweka hiyo kitu kwa matatu? Zile nyimbo mbili zenye ngoma ndo pekee nimemaliza. Na msinipe hadithi za usafi wa gita, angalieni Simon and Garfunkel. Walitoa albamu yao ya kwanza 1964, gita na sauti mbili, ikalala kabisa, wakaachana, Paul Simon akaenda zake Uingereza. 1965 prodyuza wao Tom Wilson akachukua wimbo mmoja wa hiyo albamu akaongeza gita la umeme, besi na ngoma bila hata kuwauliza, na Januari 1966 ukawa namba moja Marekani. Bila zile ngoma leo hamngekuwa mnawajua. Sasa mtu amewafanyia hiyo kazi bure mnalia.

fundi_mitambo

@ngoma_kwanza hiyo hadithi ni ya kweli lakini umeisoma nusu. Wilson hakuwarekodi kila mtu peke yake kwa kliki. Alichukua rekodi ambayo tayari ilikuwa hai, mwendo wake unapanda na kushuka kidogo vile watu wawili huimba, na wale wanamuziki wa kukodishwa walipata taabu kuufuata. Yaani ngoma ndo zilifuata waimbaji. Hapa waimbaji wamefuata kliki, ngoma zikaja kukaa juu yake. Mi sina shida na ngoma, shida yangu ni nani amekuja kwanza.

ngoma_kwanza

Haya hapo umenipata kidogo. Kidogo.

mzee_wa_chupa

Hamjambo vijana. Mimi huwa nasoma tu huku lakini hii imenigusa.

Kule kwetu magharibi mwa Kenya kulikuwa na mtindo wa omutibo, na kinara wake alikuwa George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963. Gita kavu, sauti, na chupa ya Fanta. Chupa ile ya zamani ya glasi yenye mistari, mtu anaikwaruza na kuigonga kwa kichuma, na hiyo ndiyo ngoma yenu yote. Tena anayeshika chupa ni mtu, amekaa pale pale, anamtazama mpiga gita mkononi. Akiongeza mwendo naye anaongeza. Siku zile studio ilikuwa chumba kimoja, mnaingia wote, taa inawaka, mnapiga hadi mwisho. Na kabla ya hapo, 1952, Hugh Tracey, yule mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Kongo, mtu mmoja na gita lake, kwa mitambo ya kubebwa kwenye gari, na hadi leo wapiga gita wanavunjika vidole kujaribu kumwiga. Hakuna aliyemnyoosha.

Lakini kijana nikwambie ukweli, hata mkirekodiwa pamoja gita lako lina maneno mengi. Unakwangua nyuzi zote sita kutoka mwanzo hadi mwisho, dadako anaimba wewe unakwangua, ananyamaza bado unakwangua. Wale wazee walitumia vidole viwili. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kusimama, hilo ndilo besi lako, na kidole cha pili kinapiga melodia juu. Mwimbaji akiimba kidole kinapunguza, akinyamaza kinamjibu. Jaribu huo wimbo wa tatu hivyo kisha uniambie kama utakumbuka ngoma za kompyuta.

mvita_southB

Mzee amesema la gita, mie nataka la maneno maana hakuna aliyeligusa.

Sauti zenu zaendana, na hilo ni la kuzaliwa, watu hutafuta miaka. Lakini wimbo wa pili, pale "nakutazama ukiondoka". Mtu akisema kawaida uzito waangukia kwa "ndo", silabi ya pili kutoka mwisho, kama karibu maneno yetu yote. Nyie mmeiruka "ndo" mkaipa "ka" pigo kubwa lote na mkaivuta. Nafikiri mlitunga melodia kwanza kwa mlalalala tu, ikaja na mwendo wa nyimbo za Kizungu ambazo neno la mwisho ni silabi moja nzito, kisha mkaja mkalazimisha Kiswahili mle ndani. Masikio ya mtu hayajui kosa liko wapi lakini yashaanza kutoamini. Ile ya kwanza, ya mamenu kuuza mboga, haina hiyo shida hata chembe, naona maneno yalitangulia. Na ndiyo nzuri kuliko zote, hata ikiwa imenyooshwa.

La pili, karibu kila mstari wenu waishia kwa irabu, sasa mwavuta wote wawili na kila mtu anakata wakati wake. Dadako afungua "e" sana, wewe waibana. Kaeni chini mwimbe bila gita, polepole, mtazamane midomo, mkubaliane mwakata wapi. Kwa simu hamkuwa na shida hii sana, nafikiri kwa sababu mlikuwa mwaonana.

Mambo ya matatu sijui. Si kila wimbo wa matatu.

Dereva_wa_Rongai

Ya mboga inaweza pigwa kwa matatu yangu saa hii. Asubuhi lakini, si jioni.

nyuzi_sita

Aki asanteni. Mzee wa chupa shikamoo, nimejaribu gumba na kidole usiku wote majirani wamechoka. Bado linasimama nikianza kuimba, kichwa hakiwezi vitu viwili, lakini dadangu amesema nisiwache.

@mvita_southB umejuaje tulitunga melodia kwanza?? Ni kweli ya pili na ya nne zilianza hivyo, ya mboga maneno aliandika dadangu kwa daftari ya shule kabla nipate gita.

@fundi_mitambo sasa hiyo ya kurudia. Studio tena hatuwezi kwa sasa. Nyumbani nimefikiria kuweka zile trei za mayai kwa ukuta juu nimeona watu wanafanya, lakini matatu je? Na rafiki ana rekoda ndogo ya mkononi, ile ina maiki mbili juu kama pembe.

fundi_mitambo

Trei za mayai wachana nazo, hazizuii kitu. Zinapunguza mwangwi kidogo sana wa zile sauti nyembamba basi, matatu inapita kama kawaida. Kitu cha kuzuia sauti ya nje ni uzito, ukuta wa mawe na dirisha lililofungwa vizuri, na kwa nyumba ya kupanga hiyo huwezi ongeza. Kwa hivyo unatafuta saa, si vifaa. Steji inalala saa ngapi? Rekodini hapo. Ijumaa mwepuke kama hilo kanisa huwa na kesha. Zimeni friji, hiyo mngurumo hamuisikii lakini maiki inaiskia, na mkumbuke kuiwasha tena maziwa yasiharibike.

Blanketi na magodoro ni ya kitu kingine, mwangwi wa chumba chenyewe. Weka godoro nyuma ya mwimbaji, mlango wa kabati la nguo ukiwa wazi upande mwingine, kochi libaki. Msikae katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona, kona zinazidisha besi. Na msiingie bafuni eti kuna mwangwi mtamu, mwangwi ukishaingia kwa rekodi hautoki, mtaongeza baadaye kwa kiasi mnataka.

Hiyo rekoda ya rafiki inatosha kabisa, kaombe. Weka biti 24 (ni kiwango cha ubora wa rekodi, utakiona kwa menyu), na mpime ili mkiimba kwa nguvu zaidi kilele kifike kama desibeli -10 hivi, msikaribie sifuri juu ikipasuka imepasuka. Isimame kwa kitu imara usawa wa kifua, dadako karibu, wewe nyuma kidogo, gita likiangalia maiki kwa upande wa shingo. Rekodini dakika moja, skizeni kwa hedifoni, sogeeni, tena. Hapo ndo mtatumia muda mwingi, na ni sawa, juu mkishapata mahali mnaweka alama sakafuni kwa utepe na hamgusi kitu tena.

Badilisha nyuzi siku moja ama mbili kabla, si saa hiyo, mpya zinahama noti. Hii baridi ya Julai pia, gita likitoka chumba cha baridi kuingia chenye watu linahama, kwa hivyo unapima noti za nyuzi kila mara kabla ya kurudia. Na kama ile ya nne inamuumiza koo dadako pale juu, hamisha kapo (kile kibanio cha nyuzi shingoni) mshuke, hakuna zawadi ya kuimba juu.

Mkimaliza msiikamue iwe na kelele kushindana na wengine. Spotify inashusha kila kitu karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) hata hivyo, mtakuwa mmepoteza uhai wa wimbo bure.

karatasi_kwanza

Wote mnaongea sauti hakuna mtu ameuliza nani mwenye hizo rekodi za studio. Mliandikiana chochote? Kutunga ni haki moja, rekodi yenyewe ni haki nyingine. Nyimbo zenu zinalindwa tangu zilipoandikwa ama kurekodiwa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, usajili wa KECOBO (bodi ya hakimiliki) ni ushahidi tu lakini ni ushahidi mzuri mkigombana na mtu. Rekodi sasa inategemea makubaliano, na huyu prodyuza ameongeza ngoma, kesho anaweza sema na yeye ni mtunzi wa hizo mbili. Mwendeeni kwa heshima, mmelipa, mwambieni aandike karatasi fupi kwamba rekodi ni zenu na awape treki moja moja bila ngoma. Hata kama hamtazitumia.

Na nyinyi wawili pia. Najua ni ndugu. Ndo maana nasema andikeni nani alitunga maneno ya wimbo upi na nani melodia, leo mkiwa mnapendana. Hela za mtunzi zinapitia njia yake, za muimbaji na mpiga gita njia nyingine, za mwenye rekodi njia nyingine tena. Wimbo ukiingia Skiza (ile milio ya simu) ama ukichukuliwa kwa tangazo ndo utajua maana ya asilimia.

mvita_southB

Hili ni muhimu sana. Familia zimevunjika kwa nyimbo mbili.

ngoma_kwanza

Ok mi nimefikiria. Rudieni ile ya tatu vile fundi amesema, bila kliki, mnitumie. Nitajaribu kupiga ngoma halisi juu yake nikiwafuata, brashi si vijiti. Ikishindikana mtaitupa, siwadai. Lakini mkipiga mkikimbia kwa kiitikio vile mnafanya kwa simu nitawatukana.

nyuzi_sita

Tunakimbia kwa kiitikio makusudi 😂 sawa nitakutumia.

Tumeamua hivi. Hatutoi zile za studio, dadangu amekataa kabisa, lakini nimempigia prodyuza ameongea poa, karatasi ataandika na treki atatoa. Ya mboga na ya tatu tunarudia kwa shangazi Ngong, kule hakuna steji na nyumba yake ina dari ya mbao, mvua ikinyesha haipigi mabati moja kwa moja. Ya pili tunaitunga upya kutoka "ukiondoka". Ya nne sijui, labda tuiwache.

Mzee wa chupa, swali la mwisho. Fanta hapa dukani iko ya plastiki. Ile ya glasi yenye mistari nitapata wapi, na nikwaruze na nini?

mzee_wa_chupa

Marahaba kijana. Nenda kwa kioski kinachouza na chai na mandazi, bado wana kreti za glasi, utaacha pesa ya chupa. Pitisha kucha kabla ya kununua, kama mistari haishiki kucha haitashika chuma. Kukwaruza tumia msumari mrefu ama kijiti cha mwavuli uliovunjika. Na mpe dadako ashike chupa yeye, wewe bado gumba lako linasimama.